Muti wa Peke Yake Hauzai: Safari katika Nchi ya Ng'ombe



Nataka kuwaelezea safari moja niliyofanya mwaka 2024 kule Brazili. Lakini habari yenyewe inaanzia hapa Likasi, mezani petu, siku ya Mungu moja kisha misa.

Yaya wangu alikuwa amekuja kutusalimia. Yeye alifanya kazi ya mugodi zaidi ya miaka makumi matatu. Alipopumzishwa, alichukua sehemu ya pesa yake, akanunua udongo kwa sultani wa kijiji kimoja upande wa barabara ya Kasenga: hektari 40 za pori. Siku ile alikuja kutueleza mupango wake.

"Nitakata yote," akasema. "Makala nitauzisha, na pesa ya makala itanunua ng'ombe. Kila mwisho wa mwezi watu wa migodi wanatafuta nyama, na bei inapanda tu."

Nikamuuliza: "Na miti yote ile, yaya?"

Akacheka. "We mwalimu, kusoma unajua, lakini kuhesabu haujue. Muti hauzale. Ng'ombe inazala kila mwaka!"

Juu ya meza kulikuwa mukebe wa zamani ambao muke wangu anapimia chumvi. Ni mukebe wa nyama ya ng'ombe, ile nyama ya kusagwa tuliyokuwa tunakula siku ya mushahara wakati wa utoto wetu. Pembeni, kwa maandiko madogo, imeandikwa kwamba nyama ilitengenezwa Brazili. Yaya akaunyoshea kidole: "Unaona? Wale walikata pori, wakafuga ng'ombe, na leo wanalisha dunia nzima. Sisi tunalala."

Sikumujibu. Wiki tatu kisha nilipaswa kupanda ndege kwenda kule kule Brazili, katika mukutano wa watu wanaoishi karibu na migodi. Nilichaguliwa sababu Kireno nakijua kidogo: nilizaliwa Angola, kama watoto wengi wa Katanga ambao wazazi wao walikimbilia kule. Basi nikasema moyoni: nitaenda kuangalia kwa macho yangu hao ng'ombe wa yaya.

Kutafuta pori kwa dirisha la treni

Mukutano wetu ulifanyika São Luís, muji wa bandari juu ya bahari ya Atlantika. Pale ndipo chuma ya mugodi wa Carajás inapakiwa katika meli. Reli inayoileta iko na urefu wa kilometri 892, na ilifunguliwa mwaka 1985. Mara tatu kwa wiki treni ya wasafiri nayo inapita. Mukutano ulipokwisha, tulikuwa wageni sita tuliopanda treni ile kwenda mugodini.

Sisi watu wa Katanga tunajua reli, lakini treni ya chuma ya kule ilinishangaza. Wagoni 330 zinakokotwa pamoja. Urefu wake unapita kilometri 3. Ilipotukuta fasi ya kupishana nilianza kuhesabu, nikafika mia moja, nikachoka.

Tuliondoka asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwa dirisha sababu nilitaka kuona pori. Tangu masomo ya musingi tulifundishwa hivi: pori kubwa ya joto na mvua duniani, ya kwanza ni Amazonia, ya pili ni ile ya kwetu Kongo. Basi nikangojea. Nikaona michikichi ya kienyeji inayoitwa babaçu, nikaona majani, nikaona ng'ombe weupe wenye nundu. Saa sita ya muchana, majani na ng'ombe. Saa tisa, majani na ng'ombe. Mama mumoja aliyekaa mbele yangu aliona vile nilivyokuwa nanyosha shingo, akaniuliza ninatafuta nini.

"Pori," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Ilikuwa hapa. Nilipokuwa mutoto, papa alikuwa anatukataza kutoka usiku juu ya chui. Leo mutoto wangu anatoka usiku, anakutana na ng'ombe."

Giza lilipoingia tukaona mioto mbali, mistari mirefu myekundu. Ilikuwa mwezi wa 8, wakati wa kipwa kule, na mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa moto mwingi sana katika Amazonia. Wanachoma miti waliyokata, ao wanachoma majani ya zamani ili mapya yaote. Moshi uliingia ndani ya wagoni. Kama si lugha ya watu pembeni yangu, ningesema niko kwetu, katika njia ya Kasenga, mwezi wa 8.

Mugodini nilikuta pori

Treni ilitufikisha Parauapebas katikati ya usiku. Kesho yake tulipanda mulima wa Carajás. Chuma yake ilivumbuliwa mwaka 1967, na wanasema ni moja ya mali kubwa kuliko zote za chuma duniani. Nilijua nitakayoona: shimo, vumbi, mulima uliokatwa ngazi ngazi kama kwetu Kolwezi. Na kweli niliyaona.

Lakini pembeni ya shimo nilikuta kitu ambacho sikuwaza: pori! Pori nzito, ya miti mirefu, ndege wanapiga kelele. Tangu mwaka 1998 fasi ile ni pori ya serikali inayochungwa, karibu hektari 400.000, na mugodi uko ndani yake. Mwalimu aliyetuongoza alitusimamisha fasi ya juu, akasema: "Angalieni kule chini." Pori ilikatika ghafula, kama nguo iliyopasuliwa kwa mukasi. Ngambo ya mupaka, mpaka mwisho wa macho: majani na ng'ombe.

Ndugu zangu, nilisimama pale muda murefu. Kwetu tumezoea kusema: fasi ya mugodi ndipo miti inakwisha. Na si uongo. Hata kule, reli na barabara za mugodi ndizo zilizofungua njia na kuleta maelfu ya watu. Lakini shimo la chuma, na ukubwa wake wote, lilionekana kama alama ya kidole mbele ya yale majani. Shimo linapiga kelele, kila mutu analiona. Ng'ombe anakula pole pole, hakuna anayemushitaki.

Ng'ombe kama karatasi ya udongo

Namna gani ng'ombe anakula pori? Yeye anakula majani tu, hali muti. Hilo ndilo ulizo nililopeleka kwa yule mwalimu. Alinieleza hivi.

Katika miaka ya 1960 na 1970, wakubwa wa jeshi waliotawala Brazili walitaka kujaza Amazonia na watu. Mwaka 1970 walianza kupasua barabara kubwa inayoitwa Transamazônica katikati ya pori. Walialika wakulima masikini wasio na udongo. Walialika pia matajiri: mwenye kufungua shamba la ng'ombe kule alipunguziwa kodi na kupewa musaada wa pesa. Hata kampani ya motokari, Volkswagen, ilikuwa na shamba la ng'ombe kule kusini ya jimbo la Pará, la hektari karibu 140.000. Padri mumoja, Ricardo Rezende, alikusanya ushuhuda wa watu waliokata miti kule: walifungiwa na madeni, na walinzi wenye bunduki wakawakataza kuondoka. Mwezi wa 8 mwaka 2025, miaka karibu 40 kisha shamba lile kuuzishwa, mahakama ya kazi iliihukumu kampani ilipe reali milioni 165. Kampani yenyewe ilisema itapinga hukumu ile.

Sasa sikilizeni fasi yenye muzizi. Ili mutu aonyeshe kwamba udongo ni wake, alipaswa kuonyesha kwamba anautumikisha. Na kuutumikisha maana yake ilikuwa kuukata. Udongo wenye miti ulihesabiwa kama udongo usio na mwenyewe. Basi mutu anakata, anachoma, anatupa mbegu za majani, anaingiza ng'ombe. Ng'ombe ni kama karatasi ya udongo yenye miguu minne. Hata kama nyama haileti faida kubwa, udongo wenyewe umepanda bei, sababu udongo uliokatwa unauzwa bei kuliko ule wenye pori. Njo maana wengi wanatosheka na ng'ombe mumoja kwa hektari moja. Kazi ya ng'ombe yule si kunona tu. Kazi yake ni kusimama pale.

Na tena, karibu kila kitu katika malisho yale kimetoka mbali. Wale ng'ombe weupe wanaitwa Nelore. Wazazi wao walitoka India. Majani yao yanaitwa brakiaria, na yametoka kwetu Afrika. Aina moja hata inaitwa ruziziensis, sababu ilijulikana kwanza katika bonde la Ruzizi, kati ya Kongo na Burundi. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Majani ya kwetu, ng'ombe wa India, na pori ya kule ndiyo iliyolipa.

Leo Brazili iko na ng'ombe zaidi ya milioni 230, na watu milioni 203 tu, kufuata hesabu ya mwaka 2022. Udongo wa Amazonia uliokatwa, zaidi ya sehemu sita kwa kumi umekuwa malisho. Magharibi ya Carajás kuko wilaya inayoitwa São Félix do Xingu. Ukubwa wake ni kama mara tatu nchi ya Burundi. Watu wake hawafiki 70.000, lakini ng'ombe wake wanapita milioni mbili. Hakuna wilaya nyingine ya Brazili yenye ng'ombe wengi vile.

Muti ambao sheria iliuhurumia

Siku ya tatu tulichukua basi kwenda Eldorado do Carajás. Karibu na muji ule barabara inapinda kama herufi S. Pale, tarehe 17 Aprili 1996, polisi waliua wakulima 19 wasio na udongo waliokuwa katika maandamano. Kwa ukumbusho, watu walisimamisha magogo 19 ya miti mikubwa iliyoungua. Tulisali pale, kila mutu katika lugha yake.

Magogo yale ni ya muti unaoitwa castanheira. Ni muti murefu sana, unaweza kufika metri 50. Tunda lake ni kama mupira wa mbao ngumu, na ndani yake kuko njugu kubwa ambazo watu wa dunia nzima wanazila. Zamani jimbo hili lilikuwa nchi ya njugu hizo. Wakati wa mvua jamaa ziliingia porini kuokota, kama vile sisi tunavyoingia kutafuta finkubala na uyoga.

Njiani niliona castanheira moja moja zimesimama katikati ya malisho, ndefu, bila mwenzake. Nikafikiri: angalau wameacha hizi. Papa muzee mumoja, ambaye aliokota njugu tangu utoto wake, alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikamwambia mawazo yangu. Akasema:

"Sheria inakataza kukata castanheira. Basi wanakata miti yote mingine, hii wanaiacha. Lakini uangalie vizuri: iko na matunda?"

Nikaangalia. Hakukuwa kitu.

"Ua lake ni gumu kulifungua," akaendelea. "Linafunguliwa na nyuki kubwa zenye nguvu, na nyuki zile zinaishi porini, zinahitaji maua mengine. Tunda lake nalo linafunguliwa na panya mukubwa wa pori. Anakula njugu zingine, zingine anazificha chini ya udongo, anazisahau, na zile ndizo zinaota. Toa pori: hakuna nyuki, hakuna panya. Muti unabaki hapa kama mujane. Moto wa malisho unaulamba kila mwaka. Siku moja unaanguka. Sheria iliuhurumia, lakini hauzai tena."

Maneno ya yaya yakanirudilia: muti hauzale. Yaya alikuwa na haki, lakini kwa namna ambayo yeye hakuijua. Muti wa peke yake hauzai. Ule wenye wenzake unazaa njugu, unazaa asali, unazaa hata mvua.

Ndiyo, mvua. Wenye elimu ya kule wanaeleza kwamba muti mukubwa mumoja unavuta maji chini na kuyatoa hewani, zaidi ya litri 300 kwa siku moja. Mvuke wa miti yote unakusanyika, unasafiri na upepo kama muto unaoruka, unaenda kunyesha mbali, hata kwa mashamba ya wale wale wenye ng'ombe. Papa muzee alisema kwa maneno mafupi: "Zamani mvua ilikuwa na tarehe. Leo inakuja kama mugeni."

Nani anakula nyama ile?

Mutu anaweza kusema: ni kosa la wageni wanaonunua. Ni kweli kwamba Brazili inauzisha nyama ya ng'ombe inje kuliko inchi yote nyingine, na China ndiyo munuzi wa kwanza. Lakini sehemu kubwa ya nyama inakuliwa na Wabrazili wenyewe. Siku ya Mungu, katika kila lubanza, makala yanawaka na nyama inachomwa. Hata sisi walituchomea, na tulikula. Sitawadanganya: ilikuwa tamu.

Mama aliyetupikia si yeye aliyekata pori. Hajui hata nyama ilitoka wapi. Hapo ndipo ugumu. Mwaka 2009, kisha mashitaka ya waendesha mashitaka wa serikali na kelele ya watu wanaotetea pori, kampani kubwa za kuchinja ziliahidi kutonunua tena kwa mashamba yaliyokata pori bila ruhusa. Ni jambo zuri, lakini ng'ombe hakai shamba moja. Mutu wa kwanza anakata pori kwa wizi, anazalisha ndama. Anauzisha ndama kwa mutu wa pili, ambaye shamba lake ni la zamani na karatasi zake ni safi. Huyu anawanonesha, anawauzisha kwa wachinjaji. Mbele ya muchinjaji, ng'ombe ni safi. Mikono ya kila mutu ni safi. Pori tu ndiyo haiko tena.

Wasomaji wa Manono na Malemba Nkulu, hamuhitaji nieleze zaidi! Mumeona mifuko ya kasiterite inayofungwa etiketi ili ijulikane ilitoka shimo gani, na mumesikia namna mali ya shimo lingine inavyoingizwa katika mufuko wenye etiketi nzuri. Mwezi wa 12 mwaka 2023, serikali ya Pará ilitangaza kwamba ng'ombe wote wa jimbo watawekewa etiketi sikioni, tangu kuzaliwa. Nilipowaambia kwamba sisi tunafanya vile kwa mawe, walicheka sana, wakaniuliza: "Inasaidia?" Nikawajibu: "Inasaidia kama mwenye kufunga etiketi hali mulungula."

Na kuko watu waliolipa kwa damu. Sista Dorothy Stang alikuwa mutawa wa shirika la Notre-Dame de Namur, shirika lile ambalo liko huku kwetu Kongo tangu miaka ya 1890. Kule Anapu, jimbo lile lile la Pará, alikaa na wakulima masikini. Aliwafundisha kulima sehemu ndogo ya udongo na kuacha sehemu kubwa ya pori isimame, iwape njugu, kakao na dawa. Wenye mashamba ya ng'ombe walitaka udongo ule. Tarehe 12 Februari 2005, watu wawili walimungojea njiani, wakamupiga risasi. Alikuwa na miaka 73, na Biblia katika mufuko wake. Wenye mashamba wawili walihukumiwa kwamba ndio waliolipia kifo chake.

Inawezekana kurudi nyuma

Nisiwaache na huzuni tu. Mwaka 2004 Amazonia ya Brazili ilipoteza kilometri za mraba 27.772 za pori, karibu ukubwa wa Burundi nzima katika mwaka mumoja. Serikali ikaanza kuangalia kwa satelaiti, ikatuma walinzi, ikafunga maeneo makubwa, na benki zikakatazwa kukopesha wale wanaokata kwa wizi. Mwaka 2012 hesabu ilishuka mpaka 4.571. Kisha walinzi wakalegea, na mwaka 2021 ikapanda tena kupita 13.000. Wakakaza tena, na mwaka 2024 ikashuka mpaka 6.288.

Jambo la kushika ni hili: kati ya 2004 na 2012, pori iliyokatwa ilipungua sana, lakini ng'ombe wa Brazili hawakupungua. Waliongezeka. Maana yake, nyama haikuhitaji pori mupya. Malisho ya zamani, yakitunzwa na kupumzishwa kwa zamu, yanaweza kulisha ng'ombe wengi kuliko mumoja kwa hektari.

Nilivyomujibu yaya

Niliporudi nilimuletea yaya njugu za castanheira katika mufuko mudogo. Tukakaa pale pale mezani. Nikamweleza yote: treni, mupaka wa pori, muti mujane, mukebe wa nyama. Alisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho si desturi yake.

Kisha akasema: "Hao ni matajiri wa hektari maelfu. Mimi niko na makumi ine. Watoto wangu watakula nini, miti?"

Ulizo lake ni la haki, na sikutaka kulikimbia. Sisi si watu wanaokula nyama mingi. Kwa jamaa nyingi za kwetu ng'ombe ni kwa Noeli, kwa ndoa, kwa siku ya mushahara. Siku zingine ni sombe, tomsoni, ndakala. Pori yetu ya Katanga haikatwi juu ya ng'ombe sana. Inakatwa juu ya makala na mashamba. Na mutu asiye na kuriri ya umeme hawezi kuambiwa aache makala bila kupewa kitu kingine.

Lakini nilimuonyesha kitu kimoja kinachofanana. Sheria yetu ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 nayo inaomba mwenye kupewa udongo autumikishe, ndipo apate haki ya nguvu. Basi angalia barabara zinazotoka Lubumbashi: mukubwa ananunua hektari mia, anakata miti yote, anaweka ng'ombe watano na mulinzi mumoja, anasema ni "ferme". Wale ng'ombe watano hawalishi mutu. Wamesimama pale kama karatasi. Ni njia ile ile ya Pará, sisi tuko mwanzo wake.

"Yaya," nikamwambia, "udongo wako uko na kijito. Mama anaenda kule kuokota finkubala, na watoto masuku. Ukikata yote, kijito kitakauka, na hao ng'ombe watakunywa wapi?"

Hakunijibu siku ile. Wiki iliyofuata akanipeleka. Nikakuta amekwisha kata hektari kama kumi, na tanuru za makala zinatoka moshi. Tukatembea mpaka kijitoni. Akasimama chini ya muti wa musuku, akauangalia, akasema: "Basi. Ng'ombe zitakula hapa penye nilikwisha kata. Nitagawa malisho sehemu ine, zikule kwa zamu. Huku kwa maji nitaweka mizinga ya nyuki."

Leo iko na ng'ombe saba na mizinga kumi na mbili. Asali ya kwanza aliuzisha Lubumbashi, akanitumia chupa moja bila barua. Je, atashikilia vile mpaka mwisho? Sijui. Mwezi wa 9, wakati wa kulipa masomo ya watoto, wachoma makala wanakuja kumuonyesha pesa mukononi, na mara moja aliniambia kwamba alikaribia kukubali. Lakini miti ya kijito ingali imesimama. Na mukebe ungali juu ya meza yetu, na chumvi ndani. Mutoto wangu mudogo amejifunza kusoma yale maandiko madogo ya pembeni.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa

1. Nyama, samaki, makala na unga tunaotumia nyumbani vilitoka fasi gani? Ni nani anaishi pale?
2. Katika kijiji cha wazazi wetu, miti gani imebaki peke yake? Zamani ilitupatia nini?
3. Kama tungepata hektari moja ya pori, tungekata sehemu gani, na tungeacha gani? Kwa sababu gani?